Ma Doxie na Maturubai Yaliyozuiwa Gatini

Padre, jamaa, na majirani wa Morne Cabri, familia imenipa mimi, Verneta, binti wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na kabla sijaanza naomba mtu yeyote asinikonyeze nifupishe.

Marehemu Eudoxie Royer, ambaye kisiwa chote cha Sainte-Ursule kilimwita Ma Doxie, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Morne Cabri, mtoto wa nne wa mkata miwa Anselme Royer na mkewe Hortensia, akaanza shule ya misheni mwaka 1957 na kuishia darasa la tano mwaka 1962, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu mama yake aliugua mgongo na vikapu vya ndimu havikuwa na kichwa kingine cha kuvibeba.

Mwaka 1969 alivuka bahari mara ya kwanza kwenda Guadeloupe, kisiwa cha Wafaransa, na magunia ya ndimu na tangawizi, akarudi na sufuria na viatu vya shule, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini, pamoja na wanawake wenzake wa gatini ambao mnawaona hapa wamejaza viti vya nyuma. Sheria za forodha alizijua kama sala zake za asubuhi, kwamba msafiri anaruhusiwa kuingiza bila ushuru vitu vya matumizi yake na ya nyumba yake, kikizidi hapo ni biashara, na biashara ina kibali chake na ushuru wake, naye alilipa, na kwa kuwa tuko kanisani tuseme kweli, zipo safari alizoshuka melini amevaa magauni manne, moja juu ya jingine, jasho likimtiririka, afisa akamwambia, "Ma Doxie, leo umenenepa," naye akajibu, "Chakula cha Wafaransa hicho, baba," wakacheka, akapita.

Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa katika kanisa hili na mwashi Theodule Joslyn, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1990, na Mungu akawajalia watoto wawili, Cuthbert mwaka 1974, nami mwaka 1977. Cuthbert alisomeshwa na ndimu hadi akahitimu mjini, na mwaka 1996 alipoajiriwa forodhani Mama alimnunulia viatu vyeusi huko Pointe-à-Pitre, Guadeloupe, akavilipia ushuru hadi senti ya mwisho, asije mtu akasema kijana wa forodha anavaa magendo. Siku ile alipita kila mlango wa kijiji hiki akijisifu, na nyinyi mlimpikia mwanawe shelisheli na samaki wa chumvi.

Sasa nafika mwaka 2009, na hapa ndugu zangu wengine walitaka niruke.

Kimbunga cha Agosti mwaka huo kiliezua Morne Cabri yote kwa usiku mmoja, na chombo cha kwanza kilichopata njia ya kwenda Guadeloupe kilimchukua Mama, akauza huko pete yake ya ndoa na hereni za bibi yetu, akarudi na maturubai arobaini, moja kwa kila nyumba. Msimamizi wa zamu gatini alikuwa mwanawe.

"Mama, haya ni arobaini," alisema Cuthbert, mbele ya watu, "na wewe nyumba yako ni moja."

"Yangu haina paa, ya Ma Florine haina, ya shangazi yako haina. Unataka nikuletee kuta uzihesabu?"

"Moja lipite kwa matumizi yako. Mengine ni biashara, lete kibali cha wizara."

"Wizara ipi, mwanangu? Paa lake nimepishana nalo baharini likielea!"

"Mama, usinitie aibu kazini. Sheria sikuitunga mimi."

"Basi hata hilo moja kaa nalo," Mama alisema, "nitalalaje pakavu nasikia wenzangu wanatota?"

Cuthbert akayaingiza ghalani, akafunga kwa kufuli, na mvua ikanyesha wiki mbili, Mama akishinda mjini kutafuta kibali. Ma Florine, jirani yetu, ambaye alikuwa amepooza na hakuweza kujisogeza, tulimlaza chini ya meza ya kulia chakula, maji yakamfuata huko huko, kifua kikambana, akafa tarehe 9 Septemba akiuliza kama Doxie amerudi. Kibali kilipatikana kesho yake. Turubai la kwanza la Mama lilitandazwa kuzunguka kaburi la jirani yake ili wachimbaji wasizame kwenye tope, na tangu siku ile hakuvuka tena bahari, wala hakukanyaga nyumba ya mwanawe.

Mwaka 2014 figo zilianza kumsumbua. Tarehe 30 Januari mwaka huu wa 2016, Mama akiwa amelazwa hospitalini, Cuthbert aliingia na bakuli la supu ya magimbi aliyopika mwenyewe. Mama akamuuliza, "Hiyo umeilipia ushuru?" Kaka alilia kama mtoto aliyechapwa, na Mama akamwachia alie mpaka akamaliza, ndipo akafungua kinywa akalishwa. Alikunywa nusu. Alifariki tarehe 2 Februari alfajiri.

Wapo waliotaka niseme hapa kwamba mama na mwana walipatana. Sijui. Supu niliiona ikinyweka, neno la msamaha sikulisikia, na sitamtilia Mama maneno mdomoni leo kwa kuwa hawezi kunikanusha. Kaka, uko kiti cha mbele, nakuona. Utabeba jeneza upande wa kichwa kama mwana mkubwa, hilo ni haki yako, lakini hasira yangu usiniombe leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompokeza maji na kuni, na wanawake wa gatini waliochanga wakakesha nasi. Ofisi ya forodha imeleta shada la maua na ombi kwamba tuseme marehemu alishirikiana nao vyema. Maua tumeyapokea. Kwa Ma Florine hawakuleta hata jani, basi shada hilo tutalipeleka kwake.

Mama, ulibeba tangu ukiwa na miaka kumi na mmoja. Leo tunakutua. Pumzika.