Magwiji Kumi na Mmoja wa Bwana Hryciuk

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuisakia klabu yetu vipaji vya hoki ya barafuni hapa Saskatchewan, Bwana Lorne Hryciuk anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Mniwie radhi kwamba kazi ya kumsifu imeniangukia mimi, katibu mzee ambaye hata kuteleza sijui.

Wengine husubiri mchezaji akomae ndipo wamwite gwiji. Bwana Hryciuk hakuwa na uvivu huo. Mechi tatu zilimtosha. Pengine alitosheka na mazoezi ya kupasha misuli, huku akipima kwa macho kimo cha baba wa kijana jukwaani. Kwa njia hiyo alitupatia magwiji kumi na mmoja, hakuna aliyezidi miaka kumi na saba. Mmoja wao, Kurt Wasylyk, tulimchora ukutani kabla hajafunga bao. Picha ingalipo, na inapendeza. Kurt mwenyewe anauza vipuri vya matrekta, kwa uaminifu mkubwa. Yule ambaye Bwana Hryciuk alimkataa, akiandika kuwa ana miguu ya bata, alicheza ligi kuu misimu kumi na mitano. Naomba msamaha kwa kulitaja.

Msimu huu ilikuwa zamu ya Reid Pelletier, anayeishi kwangu, kwani marehemu mke wangu aliniachia desturi ya kuwapa wachezaji malazi. Mabao tisa katika mechi nne, na tayari watu walimpisha kwenye foleni ya kahawa. Wiki iliyofuata kijana aliacha mazoezi ya alfajiri. Magwiji, alinieleza kwa upole, huhitaji usingizi. Mama yake, Darlene, aliendesha gari kwa muda wa saa sita, akamkuta Bwana Hryciuk ofisini kwetu, kalamu mkononi, akianza ripoti yake ya mwisho.

"Mzee Lorne, usimwite mwanangu gwiji," alisema. "Sema ana mikono mizito, sema lolote. Gwiji wako mmoja kaniuzia mkanda wa trekta juzi."

Bwana Hryciuk alitafakari, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia. Kisha akaandika: "Pelletier, miaka kumi na saba. Sijui bado." Nakala akampa Reid mwenyewe.

Kesho yake, kabla ya mapambazuko, nilisikia mlango wangu ukifungwa taratibu, na viatu vya kutelezea vikigongana begani mwa mtu aliyekuwa na haraka.

Ripoti hiyo tumeitia fremu. Bwana Hryciuk, pokea shukrani zetu za dhati. Mungu akujalie afya, mapumziko marefu, na samaki wengi chini ya barafu ya ziwa, ambao tunakusihi usitutangazie ukubwa wao kabla hawajatoka majini.