Vibuyu Vilivyongoja Mto

Ndugu zangu, nashukuru mmenipa nafasi kabla ya sala. Mama aliyenipa pa kulala jana ana mtoto mwenye homa kali, na amesema hatafanya ninalomwambia mpaka ninyi mnisikie kwanza. Ana haki. Basi nisikieni, na mkiona nasema uongo, nifukuzeni.

Niliondoka shule ya misheni asubuhi moja, sikumuaga mtu, wala sikujua naenda wapi. Nilikuwa nimesoma miaka miwili tu. Sikufukuzwa, sikupigwa. Nilitaka kuona nyuma ya kilima kuna nini, na nyuma yake kulikuwa na kilima kingine. Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye nyika hii kavu, nikibeba mizigo ya wafanyabiashara, nikilaza mataruma ya reli ya Wadachi, hao Wajerumani, hadi karibu na kituo cha Zuzu, nikichoka, nikiondoka.

Katika kuzunguka huko nikaingia kijiji kimoja cha Wagogo. Bibi mmoja akaona medali ya misheni shingoni mwangu, akaniuliza kama najua mambo ya Mungu. Padri alikuwa hajawahi kufika kwao. Nilikuwa na njaa, nikasema najua. Kwa siku nne nilikula ugali na mlenda wao, nikawafundisha ile sala ya imani, Nasadiki, neno kwa neno. Hiyo niliijua sawasawa. Sikupunguza kitu.

Siku ya nne yule bibi akasema, "Sasa mwalimu, tubatizie watoto. Wawili wako taabani."

Ndugu zangu, nawaambia, nilijua la kufanya. Shuleni tulifundishwa kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, na maji yoyote ya kweli yanatosha. Lakini nilijua pia kwamba nikibatiza wawili wataletwa wengine kumi, na miguu ilikuwa inaniwasha kuondoka. Nikasema, "Haiwezekani, bibi. Maji ya ubatizo lazima yawe ya mto unaotiririka."

Mnaijua mito ya huku. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Bibi akasema, "Basi tutangoja." Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani.

Baada ya miaka mitatu nikapita tena upande ule bila kukusudia, nimekondeshwa na homa, nimenyoa nywele. Ilikuwa saa sita mchana. Nakatisha mto mkavu, nikasikia mvumo. Nilidhani ni nyuki, lakini hapakuwa na mti wala mzinga. Upepo ulipotulia, mvumo ulikoma. Upepo ulipokuja ukaanza tena, sauti nyingi nyembamba, kama watoto wanaoimba wamefumba midomo.

Nikatazama chini. Katikati ya mto vibuyu vidogo vilikuwa vimefukiwa mchangani hadi shingoni, midomo wazi, vimepangwa safu kwa safu. Nilianza kuhesabu, nikaacha.

Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti akifuta mchanga kwenye mdomo wa kibuyu kimoja. Nikamsalimu, akaitikia bila kugeuka.

"Hivi ni vya nini, dada?"

"Ni vya watoto waliokufa kabla mto haujaja. Ukija utavijaza, nao watakuwa wamebatizwa."

"Nani kawaambia?"

"Mwalimu alisema maji ya mto. Vibuyu tumejiongezea wenyewe, tusikae bure." Ndipo akaniona. "Una medali. Twende, watu wanasali."

Nikamfuata. Walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba ya tembe, yule bibi mbele yao. Wakaanza Nasadiki kama nilivyowapa. Walipofika "akafa, akazikwa," wakanyamaza. Kisha wote, wazee kwa watoto, wakakohoa mara moja, kikohozi kikavu, wakaendelea: "akashukia kuzimu."

Kikohozi kile kilikuwa changu. Tangu utotoni nikivuta pumzi ndefu nakohoa, na wakati ule nikiwafundisha, pale ndipo nilipokuwa navuta pumzi. Hawakupoteza hata hicho.

Mbele yangu alikaa mama mwenye mtoto anayehema kwa shida. Mvua ilikuwa bado mbali. Nikasimama, nikasema, "Huyu abatizwe sasa hivi. Maji ya kunywa yanatosha."

Mzee mmoja akaguna. "Mgeni huyu kala nini? Hata vumbi hajajipangusa, keshaanza kutubadilishia dini."

"Mwalimu wenu ni mimi, mzee."

"Mwalimu wetu alikuwa na mashavu. Wewe ukisimama ubavu hatukuoni."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka. "Sema Nasadiki," akaniambia.

Nikasema. Sikukusudia kukohoa, lakini nilipofika "akazikwa" kikaja chenyewe. Hakuna aliyecheka tena. Kule mtoni vibuyu vilisikika.

"Ni yeye," bibi akasema. Kisha polepole, "Kwa nini ulitudanganya, mjukuu wangu?"

"Nilitaka kuondoka asubuhi."

Nilitegemea kupigwa. Mama wa yule mtoto akauliza tu, "Maji yapi basi?" Nikamwambia, haya mnayokunywa. Akaleta kata ya maji yaliyochimbwa mchangani, rangi ya udongo. Nikammiminia mtoto kichwani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, wala sikuongeza neno. Alikufa baada ya siku mbili. Mama yake alimzika, na hakuweka kibuyu.

Lakini yule mwanamke wa mtoni alinijia. "Na wangu?" akauliza.

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. "Sijui, dada. Nitakwenda kuuliza."

Nilitembea siku tatu hadi misheni. Padri alisema tuwakabidhi wale watoto kwa huruma ya Mungu, anayewajua kuliko sisi. Nami akanipa kitubio: nilifuate neno langu kila lilikofika, nikaliondoe. Nikarudi, nikampelekea yule mwanamke wa mtoni jibu la padri kama lilivyo.

Namshukuru padri huyo. Namshukuru bibi aliyeniita mjukuu siku aliyokuwa na sababu ya kuniita jina lingine. Nawashukuru wote waliolitunza neno kuliko aliyewapa. Nililojifunza ni hili: aliyotufunulia Mungu hayahitaji kiraka changu, kwa sababu nikitia kiraka, watu waaminifu watakitunza sawasawa na nguo.

Kijiji chenu sikuwahi kukikanyaga. Niliingia jana jioni nimechoka. Mama mwenyeji wangu akanitandikia ngozi, akaniwekea kibuyu cha maji upande wa kichwani. Kabla ya kula wakasali Nasadiki. Walipofika "akazikwa," babu wa nyumba ile akakohoa. Kisha wote. Hata yule mtoto mwenye homa alijaribu.

Mama, kile kibuyu sijakimaliza; maji yaliyobaki yanamtosha mtoto.