Sufuria Zilizo Juu ya Dari ya Chekechea

Mchungaji Wakoli, Mama Nakhumicha, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama na mgeni wetu wa heshima, walimu, wazazi na mafundi, na nyinyi wadogo mliokaa mkekani hapa mbele, hamjambo?

Mimi ni karani wa ofisi ya kanisa. Nimeombwa nieleze namba zilizoandikwa kwenye yale mablanketi ya kuzuia joto tuliyotandika juu ya dari ya chekechea hii, kisha nikae, Mama akate utepe. Nitaeleza. Kukaa ndiko kutakakochelewa kidogo.

Sisi wa mtaa wa Umoja tunaijua ghorofa ya juu iliyoezekwa mabati. Saa nane mchana mtoto analala huku jasho linamtiririka. Julai asubuhi anaingia na sweta mbili. Blanketi linazuia joto la mchana lisiingie, na la asubuhi lisitoke. Namba yake ikiwa kubwa, joto hupenya kwa shida zaidi. Letu moja lina namba moja na nusu. Ukitandika mawili unapata tatu, na joto linalopenya linapungua nusu. Mbona basi tusiweke manne? Nilimwuliza fundi Zedekiah hivyo hivyo.

"Karani," akaniambia, "la kwanza linafanya kazi kubwa, la pili linalisaidia. La tatu na la nne utakuwa unaringia majirani."

Tukakubaliana mawili. Lakini namba hiyo ina sharti. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi za blanketi. Likigandamizwa, hewa inatoka, na tatu si tatu tena.

Jumatano nilitundika vipimajoto katika madarasa mawili. Saa nane, darasa la wakubwa lilikuwa na nyuzijoto ishirini na tano. La watoto wa miaka mitatu, thelathini na moja. Paa moja, mablanketi yale yale, fundi yule yule. Kwa nini? Nikapanda ngazi na tochi. Juu ya darasa la wadogo nikakuta sufuria kumi na nane za kikundi, zile za harusi na matanga, zimeyalalia mablanketi mpaka yakawa membamba kama chapati.

Nilimwambia Mama. Akanitazama. "Kijana, sufuria hizi zimelisha Umoja nzima. Unataka zikae kwako?"

"Hapana, Mama."

Zedekiah akadakia, "Kwake zitaingia, Mama, ila yeye atalala nje."

Tukacheka, na sufuria zikabaki.

Mama, wewe ndiwe uliyenipa kazi hii ya ukarani, na kwa siku tatu nimeogopa kusema haya mbele za watu. Ni wewe pia uliyezunguka Industrial Area kwa miguu, kiwanda baada ya kiwanda, ukiwaombea watoto hawa mabati. Nani hapa aliwafikiria kabla yako? Ndiyo maana nathubutu kukuomba: utepe usikatwe bado. Jumatatu wadogo hawa watalala mle ndani. Mchungaji ametupatia stoo iliyo nyuma ya madhabahu tuweke sufuria, na ufunguo ninao. Zedekiah ana mablanketi mapya ya darasa hilo, na ngazi ameshaiegemeza. Nitapanda mimi kwanza.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Wenye nguvu, tuanze na ile kubwa ya pilau.