Wahiba Kushoto, Gladness Kulia

Mheshimiwa Diwani wetu. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Mhandisi Yumna, mkuu wa mradi huu wa daraja. Viongozi wa dini mliotufungulia kwa dua na kwa sala. Bi Wahiba na mumeo Mzee Muntasir, majirani zetu wa pale konani. Dada Gladness, ambaye harufu ya pilau lake ndiyo inayonilazimisha niahidi kuwa mfupi. Wafanyakazi wenzangu wa yadi hii ya Chanika. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Kama kuna mkubwa niliyemruka, anisamehe. Mie kazi yangu ni kugeuza kichwa cha lori, sijazoea kugeuza vichwa vya watu.

Wa mwisho kumtaja, kwa makusudi, ni mwenye shughuli, tunayemuaga leo kwa kustaafu, Kaka Apolinari. Mnakiona kile kiti chenye maua pale mbele? Hakina mtu. Mwenyewe yuko kule nyuma, karibu na tangi la maji, amesimama. Mshereheshaji amemwita mara tatu, na mke wake, shemeji yetu Kokushubila, amemwita kwa Kihaya mara moja, kwa sauti ambayo mie ningekimbia. Hakusogea. Ndugu zangu, mwacheni tu. Mtu aliyetembea nyuma ya trela miaka ishirini na miwili, mkimkalisha mbele siku moja mtampa homa.

Kwa wasionifahamu, naitwa Haroub, na katika lori lile kubwa mnalolionaga likipita hapa na trafiki wake, mie ndiye dereva wa mbele. Nasema wa mbele kwa sababu kuna wa nyuma. Tunabeba bimu, ile mihimili mirefu ya zege inayolazwa juu ya nguzo ili daraja lipate mgongo. Bimu moja ina urefu wa mita thelathini na mbili na uzito wa tani hamsini na kitu. Kitu kirefu namna hiyo hakiwezwi na dereva mmoja. Mie nakaa kwenye kichwa, nashika usukani. Magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona kivyake, na anayeyaongoza anatembea kwa miguu, nyuma kabisa, amefunga tumboni kisanduku chenye vijiti viwili, na mkononi ana redio kol. Mie siuoni mkia wangu, yeye haoni anakokwenda. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba, na kuanzia hapo mpaka jioni ni yeye kuamuru na mie kutii. Nawauliza wanandoa mliomo humu: ni nani kati yenu angeyaweza masharti hayo miaka tisa mfululizo?

Sie tumeyaweza, ila mwanzo wetu ulikuwa mbaya, na wenye kumbukumbu za mwanzo huo wamekaa mstari wa pili.

Miaka tisa iliyopita tulikuja hapahapa Chanika kuleta bimu za lile daraja dogo la kule chini. Mie nilikuwa na miezi mitatu kazini. Asubuhi moja tukafika konani, pale ambapo kushoto kuna duka la Bi Wahiba na nyumba yake, na kulia kuna genge la chakula la Gladness. Kona ile ni nyembamba, na bimu yetu ilikuwa imechomoza nyuma ya magurudumu mita nne nzima. Nikiingiza kichwa kulia, ule mkia unarukia kushoto. Nikiingiza kushoto, unarukia kulia. Mkia ukaanza kulisogelea bafu la nje la Bi Wahiba, upande wa kushoto. Dawa yake ilikuwa moja, kichwa kiende kushoto, mkia utoke. Redio ikaita kwa sauti kubwa: "Haroub! Kulia! Kulia! Kulia!"

Nikaenda kulia.

Mheshimiwa Diwani, ukuta ule haukuanguka kwa kishindo. Ulilala taratibu, kwa heshima zote, na ulipokwisha kulala tukamwona Mzee Muntasir amesimama katikati ya dunia, kichwa kimejaa povu, kopo mkononi, macho ameyafumba kwa sababu ya sabuni. Kwa kuwa alikuwa hajaona kitu, akasema, "Wahiba, funga mlango, upepo unaingia." Mzee Muntasir, najua unacheka. Siku ile ulinikimbiza na lile kopo hadi kwenye genge, na ni Gladness aliyekutupia kanga.

Tukaitwa ofisini. Bosi wa wakati ule akamuuliza Apolinari, ilikuwaje mtu mzima mwenye uzoefu aseme kulia badala ya kushoto? Apolinari akavua kofia. Akasema, "Bosi, mwalimu wangu wa darasa la kwanza alitufundisha kwamba mkono wa kulia ni ule unaolia chakula. Mimi nalia kwa huu." Akanyanyua wa kushoto. Bosi alishika neno moja tu katika maelezo yale. Akamsogezea kiti na kumwambia, "Usilie, mzee, eleza taratibu."

Ndugu wageni waalikwa, ndivyo tulivyojua. Bwana huyu anakula kwa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, kwao Muleba hakuna aliyemchapa kwa hilo, na akiwa ametulia anajua kabisa kulia ni wapi. Lakini akishtuka, kichwa chake kinarudi darasa la kwanza, na mkono unaolia chakula unakuwa ule wa kushoto. Sasa ungefanyaje? Umbadilishe mkono mtu mwenye zaidi ya miaka hamsini? Tulikaa gengeni, yeye na mie, mbele ya sahani za wali, tukafuta kushoto na kulia katika maisha yetu. Tukakubaliana kuwa kushoto itaitwa Wahiba na kulia itaitwa Gladness, kama zilivyokuwa siku ile pale konani. Hayo hayasahauliki, maana kila mmoja wetu alikuwa akiona povu la Mzee Muntasir kila afumbapo macho.

Tangu siku hiyo hatujagusa hata ua la michongoma. Tumepita Mwananyamala kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni unaomba radhi. Ila lugha ile ina gharama yake. Siku moja tuko Kawe, mke wangu Wafa, yule pale, sasa anacheka, akaniletea chakula cha mchana. Nikamwambia panda, kaa hapa ndani, tunamalizia kona. Redio ikafunguka: "Haroub, umekaa sana kwa Wahiba. Toka. Sasa nenda kwa Gladness, polepole, usimkurupukie. Ongeza. Ongeza. Hapo hapo, mtulie." Wafa alishuka na hotipoti yake. Wiki nzima nilikula mihogo ya barabarani. Ilibidi nimlete hadi hapa Chanika, nimwonyeshe Bi Wahiba kwa macho yake. Akamwona ni mama wa makamo ya mama yangu, akamwamkia shikamoo kwa adabu, kisha akanigeukia: "Haya. Na huyo Gladness?"

Mhandisi Yumna naye hakusalimika. Wiki yake ya kwanza kwenye mradi alitusikia redioni, akaenda kupekua orodha ya wafanyakazi, akakuta watu wawili wanafanya kazi saitini bila usajili. Aliagiza kofia ngumu mbili za ziada na akatuandikia barua kwamba Wahiba na Gladness hawaruhusiwi kukaribia mzigo bila viatu vya usalama. Kofia zile zipo. Moja amevaa Bi Wahiba sasa hivi.

Nisiwape picha kwamba tunamuaga mtani tu. Mwezi uliopita, bimu ya kumi na saba, kreni mbili zimeishusha juu ya nguzo, vipimo vyote vinasema imekaa, watu wameanza kuvua glavu. Apolinari akasema, "Haijakaa. Inueni." Mhandisi akapima tena, imekaa. Apolinari akasihi kwa Kihaya chake, "Waitu, inueni." Ikainuliwa, na chini ya ile pedi ya mpira inayobeba bimu kukakutwa kokoto moja, ndogo kama punje ya hindi. Ingebaki pale, ingeila pedi kidogo kidogo miaka na miaka, huku watoto wetu wakipita juu. Tulimuuliza amejuaje. Akasema imelala kama mtu anayejifanya amelala.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi yangu inaishia, na ninayoyasema hayakupitiwa na mshereheshaji.

Siku ile ya ukuta, kabla sijazungusha usukani, niliuona ukuta kwenye kioo changu cha kushoto. Niliuona vizuri. Nilijua nikienda kulia mkia utaupiga. Lakini asubuhi ile Apolinari alikuwa amenikaripia mbele ya watu, nikasema moyoni, haya, si umesema kulia mwenyewe? Ofisini aliulizwa kosa ni la nani, akasema ni langu peke yangu, kijana alinisikiliza tu. Na kijana alikaa kimya. Mezani kulikuwa na barua iliyokwisha kuchapwa ya kumfanya Apolinari msimamizi wa usafirishaji wote. Ilichanwa mbele yetu. Ndiyo maana miaka tisa baadaye mtu mwenye akili ile alikuwa bado anatembea kwa miguu nyuma ya trela langu, na kila nikitazama kioo namwona yeye, na kila nikimwona nakumbuka.

Kaka Apolinari, nilistahili nusu ya kosa lile. Naomba radhi, na naona haya kwamba nimengoja uzeeke ndipo niseme. Mzee Muntasir, na wewe pia. Lile kopo lilikuwa haki yangu.

Ananipungia mkono niache. Siachi.

Mhandisi Yumna, daraja hili lina bimu ishirini na nne. Ishirini na tatu zimelala. Ya mwisho ile pale nyuma ya turubai, ilitakiwa iende wiki mbili zilizopita, mvua ikatuzuia. Wakati tunangoja udongo ukauke, Apolinari akatimiza miaka sitini, juzi Ijumaa, na kanuni ya kampuni inasema aliyestaafu haingii saitini. Bimu inaondoka kesho saa mbili asubuhi. Inapita kona ileile. Bafu la Bi Wahiba limejengwa upya, na Mzee Muntasir ameshaniuliza mara mbili nani atakuwa nyuma, ili ajue kama ataoga ama atakwenda msikitini mapema.

Atakayekuwa nyuma, kwa mujibu wa ratiba, ni fundi mgeni kutoka kampuni iliyotukodisha trela jipya. Ni mtu mzuri. Nimemuuliza kushoto anaiitaje, akasema anaiita kushoto. Nimekosa usingizi.

Naomba jambo moja, na naliomba mbele ya Mheshimiwa Diwani ili liwe gumu kukataa. Kesho, kwa siku moja tu, Apolinari aandikwe kibarua. Barua nimeiandika mwenyewe, ina mistari mitatu, nimekuja na kalamu na wino wa muhuri. Miaka ishirini na miwili amesindikiza bimu za watu wote hadi mahali pake. Asiikose ya mwisho kwa sababu ya mvua. Na mie nisiikose nafasi ya kwenda upande sahihi katika kona ile, nikiwa nimeshasema ukweli.

Mhandisi, sihitaji hotuba. Kama umekubali, nyoosha mkono wa kulia watu wauone.

Ahsante! Ahsante sana! Jamani, makofi ngojeni kwanza. Tazameni vizuri ule mkono. Ni wa kushoto.

Mhandisi, kumbe na wewe ni wa huko! Na ulituandikia barua!

Kaka Apolinari, usisogee. Kiti cha maua apewe Mzee Muntasir, anakidai miaka tisa. Wewe baki hukohuko nyuma. Kesho saa mbili nitatazama kioo, nikikuona nitawasha, nisipokuona lori litalala hapa hadi uje. Mabibi na mabwana, mmenivumilia kuliko nilivyostahili, na nawashukuru. Pilau liko tayari. Kila mtu ale kwa mkono wake.