Mtungi wa Mwaka 1949: Historia ya Marehemu Tokie Tsukuda

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, nanyi wa maabara mliokuja kwa wingi, mimi Masanobu Kadowaki, fundi wa kubandika michoro ya kuning'iniza hapa Kyoto na mdogo wa pekee wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, ingawa angekuwepo angeninyang'anya karatasi hii ili asahihishe tarehe.

Dada Tokie alizaliwa nyumbani kwetu tarehe 21 Januari 1949, siku ya baridi kuu, ambayo mafundi wa kazi yetu hupika gundi ya ngano na kuifungia mtungini chini ya sakafu kwa miaka kumi, wakibadilisha maji kila mwaka, mpaka ipungue nguvu na kufaa kubandikia michoro. Mama aliposhikwa na uchungu Baba aliutupa mwiko, gundi ikaungua yote, na nafasi ya mtungi wa mwaka huo akaiacha wazi maisha yake yote, na mafundi wenzake wakimwuliza huwajibu, “Mtungi wa arobaini na tisa si huyu hapa? Ila huyu hapungui nguvu!”

Alisoma shule ya mtaani kuanzia 1955, akamaliza sekondari 1967, akasomea ufundi wa maabara, na tarehe 1 Aprili 1970 akaajiriwa kwa Profesa Urano, mtafiti wa neva, ambako alikaa miaka thelathini na tisa bila kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo mimi, niliyekuwa nikiamshwa naye kwa maji baridi, naliamini. Tarehe 3 Mei 1975 alifunga ndoa na shemeji Iwao, mpeleka barua, wakajaliwa binti mmoja, Chinatsu, aliyezaliwa 1978.

Mwaka 1983 mkono wa kulia wa Baba ulianza kutetemeka, brashi ikamshinda, na dada, aliyejua kwamba katika ugonjwa huo wa kutetemeka seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa viungo, hufa, akaomba ahamishiwe kwenye kazi ya kukuza seli hizo. Seli changa zilikubali kuishi katika visahani, lakini nyuzi zao, zile seli huzirefusha ili kuungana na nyingine, hazikwenda zilikotakiwa, kwa hiyo kazi yake ikawa kupaka kwenye kisahani mstari wa molekuli ambazo seli hushikamana kwazo, ili nyuzi ziufuate. Zikikwama, Profesa anasema ongeza, naye anaongeza, zinakwama zaidi, zimeng'ang'ania pale pale kama kupe, na ikaenda hivyo miaka saba, hadi ikasemwa kwamba kazi itafungwa mwezi Machi 1991.

Januari ya mwaka huo alikuja kutusaidia kubadilisha maji ya mitungi, akiwa amenuna, akamweleza Baba shida yake, na Baba akacheka mpaka akakohoa, akasema, “We mtoto, umekulia kwenye gundi hujajua? Gundi kali ni ya fundi mwoga. Nzuri inashika, halafu inaachia.” Kesho yake dada alipunguza molekuli zile kwa mara ishirini, bila ruhusa, Profesa akafoka, “Bi Tsukuda, hayo si maji matupu?” na tarehe 14 Februari nyuzi zikaondoka, zikashika na kuachia, zikaufuata mstari mpaka mwisho. Kazi haikufungwa.

Ugunduzi huo haukumponya Baba, na dada alililia jambo hilo waziwazi, lakini alimletea picha ya nyuzi zile, na Baba akasema ataibandika mwenyewe. Nilimshika kifundo cha mkono kwa nguvu ili usitetemeke, akakwama, akanikemea, “Legeza, Masa!” nikalegeza, brashi ikaenda. Ndiyo hiyo mnayoiona imening'inia nyuma ya jeneza, na ule upande uliopinda kidogo ni kosa langu, si lake.

Dada alistaafu 2009, akaanza kuugua moyo Juni 2022, akafariki tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Chinatsu, baada ya kumwambia, “Usinibane hivyo, nitakwama.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, kwani aliwakagua kama wanafunzi wake, pamoja na majirani waliotuletea supu, na ninyi wafanyakazi wenzake, ambao hadi leo, naambiwa, mkikwama mnasema, “Punguza kama Bi Tsukuda.”

Jioni hii, tukitoka kuchoma mwili, mtungi wa majivu yake utakaa kwetu siku arobaini na tisa, kama ilivyo desturi yetu ya maombolezo, kabla ya kwenda makaburini, na familia imekubaliana ukae chini ya sakafu, kwenye ile nafasi ya mwaka 1949, ambayo nimeipima asubuhi nikaona inatosha kabisa.

Haya dada, tumelegeza, nenda ukapumzike kwa amani. Maji ya mitungi nitabadilisha mimi.