Msalaba Ulioishia Nusu Mlima

Kijiwe chetu cha Ushirombo kiko mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma, na kahawa anatumiminia Mwamvua. Wikiendi hii wachimbaji watatu wa hapa walifunga safari ya miguu kuvuka vilima vya mawe, wakasimike msalaba wa chuma kileleni. Mmoja wao ni Leodgar, sisi tunamwita Nyundo; mama yake alikuwa akipanda huko kila Kwaresima. Sasa miguu imegoma, akamwomba mwanawe kitu kimoja tu: auone msalaba akiwa amekaa uani kwake. Jana wamerudi, na kileleni hakuna kitu. Mimi goti lilinibakiza mjini, kwa hiyo nina haki zote za kuwacheka.

— Ule haukuwa upepo, alianza Fataki, fundi wetu wa baruti. Tulitambaa kama kenge!

— Ulitoka wapi? nikauliza.

— Chini! Tumechimba maduara ya dhahabu mpaka ardhi imebaki matundu. Unaingilia Geita, unatokea huku.

Mayala, tunayemwita Profesa, akatikisa kichwa.

— Yaya, hapana! Kilima kina wenyewe. Tulipanda bila hodi.

— Si tulibeba msalaba, Profesa?

— Ndiyo maana! Wakadhani tunakuja kupima viwanja.

Nyundo hakucheka. Kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Mimi Jumamosi narudi.

— Utapeperushwa, bhabha. Tukakuokote bandari kavu ya Isaka, juu ya kontena!

— Nipeperushwe. Mama anatoka nje kila jioni, anaangalia kule juu. Jana nimepita nyuma ya nyumba asinione.

Iliniuma, nasema kweli. Lakini Fataki kimya hakiwezi.

— Upepo ule una akili, jamani. Tukikata kushoto, nao huo!

— Umetumwa, akasema Profesa. Kuna tajiri kaununua, anautumia kulinda mwamba wake wa dhahabu.

Hapo akafika Zipora, dada yake Nyundo, aliyetoka Bugarama kuja kumuuguza mama.

— Shikamooni.

— Marahaba, karibu.

Hakukaa.

— Kaka, msalaba mmeuacha wapi?

— Pangoni, nusu ya mlima. Upepo ulizidi, ikabidi tupunguze mzigo.

— Na ile mifuko ya mawe nyuma ya nyumba?

— Aa, yale yana dalili ya dhahabu, alidakia Fataki. Tunayapeleka karasha yakasagwe.

Ndivyo walivyo hawa watu. Mchimbaji akiona jiwe linang'aa hapiti hivi hivi. Atalivunja, atalilamba aone rangi, kisha atalitia mfukoni, hata kama yuko njiani kwenda kuzika.

Zipora akawatazama mmoja mmoja.

— Kwa hiyo mlipozidiwa, mkashusha msalaba, mkabaki na mawe?

Fataki akaangalia viatu vyake.

Nyundo akasimama.

— Nakwenda sasa hivi.

— Upepo bado unavuma, Leodgar, nilimwambia.

— Nausikia.

— Mama nimwambieje? akauliza Zipora.

— Usimwambie kitu. Kesho jioni mtolee kiti, mgeuzie kule juu.

Akaondoka bila hata begi. Fataki akameza kahawa yake ya moto yote kwa mkupuo, akamfuata, na Profesa nyuma yao.