Mwalimu Felisia na Mapazia ya Jumamosi

Tarehe 27 Juni 1998, Mwalimu Felisia Mshana anastaafu baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka ishirini na mitatu katika shule yetu ya Jumamosi hapa Molenbeek. Alikuja Brussels kutoka Tanga na mumewe aliyekuwa na kazi ubalozini. Kazi ile iliisha zamani; yeye alikwisha kuzoea chaki.

Habari za wafalme hakuzipenda. Alifundisha jinsi watu wa kawaida wa Uingereza walivyoishi zamani: walivyofua Jumatatu, na jinsi katika miji ya viwanda mtu alivyolipwa agonge madirisha alfajiri kwa fimbo ndefu ili wafanyakazi waamke. Wanafunzi walisema kazi hiyo ameirithi yeye, maana wachelewaji aliwapigia simu mpaka waamke.

Mimi, Donatien, mkuu wa shule, nilimwambia mara nyingi kwamba mtihani hauulizi mambo ya kufua. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaendelea vilevile.

Novemba 1996 mwanafunzi wetu Marie-Jeanne alifiwa na mama yake huko Bukavu. Vita vilikuwa vimefunga njia, hakuweza kwenda kuzika, na hapa hakuwa na ndugu hata mmoja. Wenzake walikuwa wametoka kujifunza kwamba katika mitaa ya wafanyakazi ya Uingereza, siku ya maziko, majirani wote walifunga mapazia kwa heshima ya marehemu. Wakakubaliana kumfanyia hivyo. Jumamosi wakaja na chai na sufuria za chakula, wakafunga mapazia yote ya mbele, wakakaa kimya kumngoja.

Lakini jengo letu lilikuwa duka zamani, na duka lililofungwa mapazia kila mtu anajua maana yake. Marie-Jeanne alifika, akaona giza, akageuka. Sisi tulikaa ndani saa nzima, chai ikapoa, na hakuna aliyefikiria kuchungulia nje.

Felisia ndiye aliyevaa koti kwanza. Tukapanda treni ya metro watu kumi na wanne, na sufuria zetu, mpaka kwa Marie-Jeanne, Anderlecht. Alifungua mlango, akamwambia Felisia: "Maman, nilizani na nyinyi mumefunga. Nikasema, bon, nirudie tu ku nyumba, nilie peke yangu."

Mwalimu hakueleza historia yoyote. Aliketi sakafuni kando yake, akalia naye. Tukakaa matanga pale mpaka Jumapili jioni, Marie-Jeanne akitusimulia mama yake alivyokuwa.

Wiki ile nilikuwa nimeandika barua ya kuyaondoa masomo yale ya maisha ya zamani kwenye ratiba. Sikuipeleka, wala sikumwambia. Leo namwambia mbele ya wote: nilikosea, na ninaona haya kwamba nimechukua muda mrefu kusema.

Asante, mwalimu. Maisha yawe mema huko nyumbani kwako Jette. Na siku upweke ukikubishia hodi, tuite. Tutakuja wote, na safari hii hatutakaa ndani saa nzima.